Maswali yenu: Hivi Shackle alipingwa au alipitwa tu?

Toleo lililopita tuliongelea maamuzi pale mtu hajui kesho itakuwaje, na nikamtaja kwa mistari michache George Shackle, mchumi Muingereza aliyefundisha Liverpool toka 1951 hadi 1969. Sikutegemea jina hilo lingeleta barua nyingi hivi. Nimechagua zile zinazogusa vitu tofauti, zingine nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko chuo mwaka wa tatu, nasoma uchumi. Kwenye kozi ya maamuzi tumesoma von Neumann na Morgenstern, Savage, Allais, Ellsberg, Kahneman na Tversky, ila Shackle hayupo kabisa. Nikamuuliza mhadhiri wetu akasema huyo alishapingwa zamani, tusipoteze muda. Ni kweli alipingwa?

JIBU: Marahaba. Mwambie mhadhiri wako kwa heshima zote kwamba kupingwa alipingwa, lakini sehemu tu, na hiyo sehemu sio iliyomfanya apotee kwenye silabasi.

Angalia miaka. Kitabu cha von Neumann na Morgenstern kilitoka 1944, na toleo la 1947 ndo likaweka ule msingi kwamba mtu mwenye mpangilio kwenye machaguo yake anafanya kama vile anapiga wastani wa manufaa kwa kutumia probabiliti, yaani namba zinazoonyesha jambo lina nafasi kiasi gani ya kutokea. Shackle akatoa Expectation in Economics mwaka 1949, akisema kinyume, kwamba kwenye maamuzi makubwa ya maisha na ya biashara hizo probabiliti hazipo na kuzilazimisha ni kujidanganya. Halafu 1954 akaja Leonard Savage, mwanatakwimu Mmarekani, na nadharia nzuri mno kihesabu, inayosema hata kama hakuna takwimu zozote, ukishakubali masharti machache ya akili timamu basi unajikuta una probabiliti zako kichwani upende usipende. Kwa hiyo Shackle alisimama katikati ya mawimbi mawili, na yote yalikuwa yanaenda upande mmoja.

Na hapo mwanzoni wala hakupuuzwa, hilo watu wengi hawalijui! Miaka ya 50 alikuwa anajadiliwa sana. Mchumi Mmarekani Kenneth Arrow alimpa nafasi kwenye mapitio yake makubwa ya nadharia za maamuzi kwenye jarida la Econometrica mwaka 1951, mchumi Charles Carter akatoa toleo lililorekebishwa la nadharia yake mwaka 1953, na 1959 jarida la Metroeconomica lilikusanya makala za wasomi mbalimbali kumjadili. Mtu anayejadiliwa hivyo sio mtu wa kutupwa. Kilichotokea ni kwamba kuanzia miaka ya 60 uchumi wenyewe ulihamia kwenye modeli, na mtu wa modeli anataka kitu anachoweza kukiingiza kwenye milinganyo kikatoa jibu, Savage anampa hicho kitu na Shackle hampi. Wakati huohuo Shackle naye akazidi kwenda kwenye falsafa, vitabu vyake vya baadaye ni nathari nzuri ajabu lakini huwezi kumpa mwanafunzi zoezi la nyumbani kutoka humo. Alipitwa. Kupitwa na kushindwa ni vitu viwili na mimi hilo linaniuma, maana kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kinaambiwa mambo yaliisha wakati hayakuisha.

Tena Savage mwenyewe alikuwa muangalifu kuliko wafuasi wake. Aliandika wazi kwamba nadharia yake inafaa kwenye kile alichokiita dunia ndogo, yaani pale unapoweza kuorodhesha kila kitu kinachoweza kutokea. Shackle shida yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba dunia kubwa haiorodhesheki.

SWALI: Ndugu mwandishi, umesema Shackle aliweka mshangao badala ya probabiliti. Mshangao unapimwaje? Na una tofauti gani na kusema tu probabiliti ndogo? Naona kama ni kitu kilekile kimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

JIBU: Swali zuri sana kaka, na wakosoaji wake wa kwanza walianzia hapohapo.

Wazo lake ni hili. Usijiulize jambo hili litatokea kwa asilimia ngapi, jiulize likitokea nitashangaa kiasi gani. Kama sioni sababu yoyote ya kulizuia, mshangao ni sifuri. Kama naona haliwezekani kabisa, mshangao uko juu kabisa, na katikati kuna ngazi.

Ukiishia hapo kweli unaona ni probabiliti imegeuzwa. Tofauti inaonekana ukianza kuhesabu. Chukua nafasi moja ya kazi, waombaji watatu, na wewe huna habari yoyote ya kumtofautisha mmoja na mwingine. Mtu wa probabiliti atagawa, theluthi moja moja. Sasa kesho unasikia kuna muombaji wa 4. Inabidi awanyang'anye wale watatu, wote washuke hadi robo, ingawa hujasikia neno lolote baya juu yao, hujajua chochote kipya kuhusu uwezo wao, wameshuka tu kwa sababu orodha imerefuka! Kwa Shackle hao watatu walikuwa na mshangao sifuri na wanabaki na sifuri, wa nne naye anaingia na sifuri yake, hamna anayemnyang'anya mwenzie. Na kama unahisi kuna wengine ambao hata majina yao hujayasikia, hao nao hawaharibu hesabu, wakati kwenye probabiliti lazima jumla ifike 1 kwa hiyo lazima ujue orodha imeishia wapi.

Kwenye mshangao unaweza pia kusema jambo na kinyume chake vyote haviwezi kunishangaza, sifuri na sifuri. Hiyo ni njia ya kusema sijui, kwa uaminifu. Probabiliti ukitaka kusema sijui unaishia kusema nusu kwa nusu, na nusu kwa nusu ni madai mazito, ni kama unajua kabisa kwamba sarafu haijapinda.

Nilivyoelewa hilo mara ya kwanza niliona mtu huyu alistahili kusomwa hata kama mengine yote aliyoandika yangekuwa makosa.

Halafu kuna hatua ya pili, ambayo ndo imempa matatizo zaidi. Shackle anasema mtu akitazama mradi hafanyi wastani wa matokeo yote, akili yake inavutwa na sehemu mbili tu, faida moja inayong'aa kuliko zingine na bado haishangazi sana, na hasara moja inayotisha kwa namna hiyohiyo. Hizo mbili ndo vituo vya akili yake. Analinganisha hizo mbili, anaamua. Sababu yake ni kwamba matokeo yanayopingana hayawezi kutokea yote, litatokea moja tu, sasa unapiga wastani wa nini. Alitoa mfano wa Napoleon pale Waterloo mwaka 1815, ambaye asingeweza kuirudia vita ile mara mia ili kwa sehemu fulani ya hizo mara mia Waprusia wachelewe kufika. Vita ni moja, na ikishapiganwa aliyeamua hayupo tena pale alipokuwa. Maamuzi ya namna hiyo ndo yaliyomshughulisha maisha yake yote.

Hapa kwenye vituo viwili wengi walimkatalia na mimi siwalaumu. Kwanini viwili? Kwanini visiwe vitatu? Na ukibadilisha matokeo yote mengine ya mradi bila kugusa hivyo viwili, nadharia yake inasema mtu hatajali, na hilo ni gumu kulimeza.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba Arrow alimmaliza Shackle kwa hoja ya bima. Naomba ufafanuzi, sijaiona ikielezwa popote kwa lugha ya kueleweka.

JIBU: Hii ndo hoja kali kuliko zote aliyowahi kupigwa na inabidi ielezwe vizuri, tena bila kumuonea huruma.

Kwenye mfumo wa Shackle, mshangao wa mambo mawili kutokea pamoja ni ule mkubwa kati ya hayo mawili. Haujumlishwi wala hauzidishwi. Sasa chukua nyumba moja. Ikiungua utashangaa kidogo, tuseme ngazi ya 3 kati ya 10. Chukua ya pili, iko mbali na ya kwanza, hazihusiani kwa lolote, nayo ikiungua ni 3. Zikiungua zote mbili? Kwa kanuni yake bado ni 3. Weka nyumba 1,000, zimetawanyika, hakuna moto unaoweza kuruka toka moja kwenda nyingine, zote zimeungua mwaka huohuo. Bado ni 3!

Hapo kila mtu anaona kuna kitu kimevunjika. Kampuni ya bima inaishi kwa sababu nyumba 1,000 kuungua pamoja ni jambo la ajabu mno kuliko moja kuungua, ndo maana inaweza kukusanya michango midogo na kulipa wachache. Arrow alisema kwenye nadharia hii hakuna sheria ya namba kubwa, ile inayosema ukikusanya matukio mengi yasiyohusiana wastani wake unatulia, kuweka hatari nyingi zisizohusiana kwenye kapu moja hakupunguzi chochote, kwa sababu mfululizo mzima wa mabaya haushangazi zaidi ya baya moja. Ukiifuata nadharia mpaka mwisho, bima haina maana.

Shackle angejibu kwamba bima sio eneo lake, mambo yanayojirudia mara elfu yana takwimu na hapo tumieni probabiliti kwa raha zenu, yeye anaongelea uamuzi wa mara moja. Jibu hilo lina uzito lakini mimi haliniridhishi, kwa sababu hata mtu mwenye maamuzi kumi tofauti ya mara moja moja, hakuna mawili yanayofanana, bado ana haki ya kushangaa zaidi yakiharibika yote kumi kuliko likiharibika moja. Kwa hiyo pointi ni ya Arrow. Ila naomba uishike hii kanuni ya kuchukua ule mkubwa badala ya kujumlisha, tutairudia kwenye swali la mwisho maana kuna kitu kilitokea baadaye ambacho kwenye vitabu vya uchumi sikioni kikitajwa.

SWALI: Alipata Nobeli?

JIBU: Hapana. Arrow alipata 1972, Hayek aliyemsimamia tasnifu yake alipata 1974, Allais 1988. Shackle alifariki 1992 bila.

SWALI: Mwalimu, mimi nimemsoma Shackle kidogo na nimechoka naye. Kama kesho haijulikani kabisa na kila mtu anaijenga kichwani mwake, basi uchumi wote ufungwe twende nyumbani. Huoni kwamba anabomoa tu?

JIBU: Dada, hisia yako ina historia. Mwaka 1982 mchumi Alan Coddington aliandika kwenye American Economic Review makala iliyosema karibu hivyohivyo, ila kwa mpangilio. Hoja yake ilikuwa, mnasema uwekezaji hautabiriki kwa sababu unategemea matarajio yaliyo vichwani mwa watu, sawa, lakini matumizi ya kawaida ya kaya nayo yanatoka vichwani mwa watu, kwanini hayo mnayachukulia kama yana utulivu? Ukiwa mkweli kwa wazo lako lazima ulitumie kila mahali, na ukilitumia kila mahali hakuna nadharia inayobaki. Ukilitumia sehemu moja tu, unachagua unavyotaka. Toka hapo neno la ubomoaji likamganda Shackle na wanaomfuata.

Mimi naona Coddington ana haki kwenye nusu. Ni kweli Shackle hakuchora mstari ulionyooka kati ya mambo yenye utulivu na yasiyo na utulivu. Lakini kuacha kutabiri sio kuacha kueleza. Daktari anaweza kukueleza vizuri sana kwanini moyo unasimama ghafla bila kukutajia siku. Shackle alieleza kwanini watu wenye pesa wanaweza wote kwa pamoja kukataa kuwekeza, wakashika pesa taslimu wakisubiri, na kwanini hilo linaweza kutokea haraka mno bila kitu chochote kubadilika viwandani. Picha za kesho zimegeuka vichwani, basi. Alilinganisha hali hiyo na kaleidoskopu, ukiigusa kidogo tu vipande vyote vinapangika upya, na wanaomfuata wanaliita hilo uchumi wa kikaleidi mpaka leo. Mtu aliyeshuhudia soko likianguka hawezi kusema hayo ni bure.

Tena jambo ambalo wakosoaji wake wanalisahau, huyu bwana alikuwa mtu wa takwimu pia. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi kwenye ofisi ya takwimu aliyoiunda Churchill. Na kabla ya uprofesa alishakuwa karani wa benki na mwalimu wa shule kwa miaka, digrii yake ya kwanza aliipata 1931 kama mtahiniwa wa nje wa Chuo Kikuu cha London. Hakuandika kuhusu mashaka ya watu wanaoamua akiwa amejifungia mnarani.

SWALI: Kwanini wafuasi wa Keynes wanamdai ni wao, na Waaustria nao wanamdai ni wao? Hawa si mahasimu?

JIBU: Mahasimu haswa (Keynes ni yule mchumi Muingereza, na Waaustria hapa ni wachumi wa shule ya mawazo ya kina Mises na Hayek, wanaotetea soko), ila historia ya Shackle inaruhusu. Aliingia London School of Economics mwaka 1935 kuandika tasnifu chini ya Hayek. Oktoba mwaka huohuo akaenda Cambridge akawasikia Joan Robinson na Richard Kahn, wachumi wa upande wa Keynes, wakieleza kile ambacho Keynes alikuwa karibu kukichapisha, akarudi kabadilika, akaomba kubadilisha mada, na Hayek akamruhusu. Naona hapo Hayek alifanya jambo la kiungwana sana.

Kwa wafuasi wa Keynes, Shackle ndo mtu aliyeshika kile Keynes alichokisema 1937 kwenye Quarterly Journal of Economics, kwamba kuna mambo ambayo hatuyajui tu na hakuna msingi wa kisayansi wa kuyapa probabiliti, akakifanya kiini cha Keynes mzima. Paul Davidson, mmoja wa wafuasi hao wa Keynes, alichukua kwake wazo la uamuzi wa mara moja usiorudi nyuma akalijenga upande wake. Upande wa pili, wa Waaustria, Ludwig Lachmann, aliyekuwa naye palepale London miaka ya 30, aliandika 1976 makala pale Journal of Economic Literature ikichora mstari toka Mises hadi Shackle. Ila Waaustria wenyewe waligawanyika, wapo waliosema Lachmann na Shackle wamekwenda mbali mno, kwa sababu kama hakuna kitu kinachovuta soko kuelekea kwenye uwiano basi hoja yao kubwa ya kutetea soko inalegea. Kwa hiyo kote kuwili ni mtoto wa familia, na kote kuwili kuna wajomba wasiotaka akae meza kuu.

SWALI: Je leo kuna mtu yeyote anayetumia nadharia ya mshangao kwa kazi ya maana? Au ni historia tu?

JIBU: Wapo, na wengi wao sio wachumi. Hapa ndo huwa nafurahi na kukasirika kwa pamoja.

Wa kwanza kumchukua kwa uzito walikuwa wanafalsafa. Isaac Levi, kwenye kazi yake ya 1967 kuhusu lini ni halali kuamini jambo, alikuta kwamba viwango vya kutokuamini alivyovipata kwa njia yake mwenyewe vinafuata kanuni zilezile za mshangao za Shackle, na aliendelea kumtetea kwa miaka mingi. Halafu 1978 Lotfi Zadeh, yule wa seti zisizo na mipaka mikali, akaleta nadharia ya uwezekanifu, inayopima jambo linawezekana kwa kiasi gani, ambayo Didier Dubois na Henri Prade kule Toulouse, Ufaransa, wameijenga mpaka ikawa tawi zima la akili bandia. Wote wawili wamekuwa wakiandika wazi kwamba Shackle alitangulia. Ukichukua uwezekanifu wa Zadeh ukaugeuza unapata mshangao, sifuri inakuwa moja na moja inakuwa sifuri. Kompyuta inayotakiwa kufanya uamuzi wakati taarifa zina mapengo inahitaji namna ya kusema sijui bila kulazimika kusema nusu kwa nusu, na hapo ndo palepale Shackle alipoanzia mwaka 1949.

Na sasa ile hoja ya bima. Mwaka 1988 mwanafalsafa wa Ujerumani, Wolfgang Spohn, alichapisha nadharia yake ya madaraja ya kutokuamini. Ukiitazama haraka utadhani ni Shackle yuleyule, sifuri kwa jambo lisilokushangaza, namba inapanda kadri unavyozidi kutoliamini, jambo na kinyume chake vinaweza vyote kuwa sifuri, na Spohn mwenyewe anakiri ukaribu huo. Tofauti iko kwenye kitu kimoja, mambo mawili yakiwa pamoja. Kwa Spohn unachukua daraja la kwanza, unaongeza daraja la pili ukishachukulia kwamba la kwanza limetokea. Mambo yasiyohusiana yanajumlishwa. Nyumba moja ikiungua ni 3, mbili ni 6, nyumba 1,000 ni 3,000, maana madaraja yake hayaishii kwenye 10.

Yaani lile shimo alilolionyesha Arrow linazibwa kwa kubadilisha kanuni moja, na sehemu kubwa ya jengo inabaki imesimama, ile sifuri ya kusema sijui haiguswi kabisa. Ilichukua miaka 37 toka makala ya Arrow na ikafanywa na mtu wa idara nyingine, wakati idara ya uchumi ilikuwa na nadharia, ilikuwa na hoja dhidi yake, na ilikuwa na watu hodari wa hesabu kuliko karibu wote duniani. Hawakurudi kuangalia. Ndo maana kwenye jibu la kwanza nilisema alipitwa, na sio kwamba nataka kumtetea mzee, nasema kazi iliachwa nusu.

Upande wa sayansi ya jamii yupo pia Jens Beckert, msosholojia wa Ujerumani, ambaye kitabu chake cha 2016 kuhusu picha za kesho zinavyoendesha ubepari kinamtumia Shackle sana. Kule wanachukua zaidi upande wa mawazo na ubunifu kuliko hesabu za mshangao.

Wengi mmeuliza muanzie wapi kusoma. Kama hesabu haikutishi anza na Expectation in Economics cha 1949 chenyewe, ni kifupi, ila soma na sehemu ya Arrow ya 1951 ukiwa umeiweka pembeni. Kama unapenda historia chukua The Years of High Theory cha 1967, kinachosimulia jinsi nadharia za uchumi zilivyogeuka kati ya 1926 na 1939, hakuna mshangao mwingi humo lakini utajua jamaa anaandikaje. Epistemics and Economics cha 1972 kiache mwisho, ni kinene na kinajirudia, watu wengi wanaanzia nacho wanakata tamaa kisha wanasema Shackle haeleweki.